Bi Kati na Daftari la Makosa

"Shangazi, mbona umekosea halafu unatabasamu?"

Mpwa wake alikuwa na miaka saba, ameletwa kazini kwa kuwa shule zimefungwa. Shangazi alichora alama ya kosa kwenye daftari lake, akapuliza wino ukauke.

Kazi yake ilikuwa kukisia umeme ambao nchi nzima ingetumia kesho. Kompyuta iliikisia hiyo kesho mara elfu moja: yenye joto, yenye mvua, yenye viwanda vilivyofungwa. Yeye aliyachambua majibu yote, kisha akatoa namba mbili, "kati ya hii na hii," akiahidi kwamba siku tisa katika kila kumi ukweli utaangukia humo. Namba moja hakutoa hata kwa dawa. Ofisi nzima ikambandika jina: Bi Kati.

Miaka miwili baadaye, jioni moja, matumizi yalivuka namba yake ya juu. Mitaa kadhaa ikaingia giza, simu ya mkuu haikupoa. Asubuhi mkuu akamsimamia mezani.

"Bi Kati, panua hizo namba tusiaibike tena. La sivyo, hicho kiti atakaa mwingine."

Bi Kati akamsogezea daftari. Siku mia za mwisho. Tisa zina alama ya kosa.

"Umefeli mara tisa!" mkuu aling'aka.

"Niliahidi kumi, mkuu. Imebaki moja."

Fundi wa zamu alikohoa kuficha kicheko. Mkuu hakucheka. Kabla ya saa sita mchana Bi Kati alikuwa chini, chumba cha mafaili, yeye na kikombe chake cha chai.

Aliyerithi kiti akapanua namba bila kinyongo. Hakukosea hata siku moja. Ila mashine za akiba zilinguruma kutwa kucha zikingoja ile namba ya juu isiyofika, zikinywa dizeli bure, hadi matangi yakaonyesha sakafu. Mwezi wa nane mkuu alishuka mwenyewe, akasimama mlangoni akisugua miwani.

"Bi Kati, hiyo chai utaimalizia juu."

Mpwa sasa ana miaka kumi na sita. Juzi alilikuta daftari la zamani sebuleni, akarudia swali lake. Shangazi alikuwa anamenya viazi, hata kichwa hakuinua.

"Zilikuwa zimepita siku arobaini bila kosa hata moja, mwanangu. Nilishaanza kuogopa kwamba nawadanganya watu."