Kiputo Kilichohama Kwenye Kizazi cha Punda

Jirani yangu wa Mkonze alikuwa na punda mmoja tu, jike, aliyembebea maji ya kuwauzia mafundi ujenzi. Punda alikuwa anazeeka. Mama huyo alitaka azae mrithi kabla hajachoka kabisa, na kwa kuwa mimi ni daktari wa mifugo, aliniomba nikamwangalie kizazi.

"Wiki mbili zilizopita alipandwa karibu wiki nzima," alilalamika. "Ng'ombe akikubali dume leo, kesho hataki. Huyu kila siku alikubali. Si ndiyo maana hashiki mimba?"

"Punda si ng'ombe, mama. Joto lake huchukua siku nyingi. Hana kasoro."

"Kumbe ana bidii kuliko mimi nilipoolewa!"

Shemeji yake, mchungaji wa ng'ombe aliyeshika kamba, alicheka mpaka punda akaruka.

Nilivaa glavu ndefu, nikapitisha kipimo cha ultrasaundi kwenye njia ya haja kubwa. Kwenye skrini kikatokea kiputo cheusi cha mviringo, kama zabibu changa. Mimba! Nikageuka kumwonyesha mama. Niliporudisha macho, hakikuwepo.

Nilipigwa na butwaa. Nilitafuta taratibu, nikakikuta kwenye pembe ya pili ya kizazi, tawi la upande mwingine. Nilikuwa nimesoma habari hiyo darasani, lakini kuiona ni jambo jingine.

"Kinatembea," niliwaambia. "Bado hakijajishikiza popote. Kizazi kinakilisha kwa majimaji yenye protini, nacho kinazunguka huku na huko kumwarifu mama yake kwamba kipo. Asipopata taarifa hiyo, kizazi hutoa kemikali ya kuzima homoni inayotunza mimba, halafu joto linarudi."

Mama alikuwa akitabasamu. Shemeji hakuwa akitabasamu tena.

"Daktari," alisema, "hiyo kemikali ndiyo ile ya sindano tunayowapiga ng'ombe waingie joto pamoja?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Kwa nini?"

"Nimemdunga leo asubuhi. Ilibaki kwenye chupa. Nilitaka kumsaidia shemeji."

Kiputo kilikuwa bado pale kwenye skrini, kizima, kinasogea. Homoni ya kufidia ile inayozimwa ipo vitabuni. Katika maduka ya dawa za mifugo niliyoyapigia simu, hakuna aliyewahi hata kuiagiza. Nililazimika kumwambia mama ukweli, kwamba mimba haitadumu, huku tukikitazama kiputo.

Wiki iliyofuata nilipima tena. Pembe zote mbili zilikuwa tupu. Punda alikuwa anatafunatafuna mdomo na kuinua mkia. Dume la jirani mwingine lililia, naye akasimama tuli kulingoja.

"Joto limerudi," shemeji alisema kwa sauti ndogo. Sindano ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa.

Nilimshika mama bega. "Sasa tunajua anashika mimba, na kizazi chake ni kizima. Apandwe siku zote atakazokubali. Akikataa dume, mpunguzieni mzigo, mniite. Msimpe dawa yoyote."

Mama alifuta uso kwa khanga, akamgeukia shemeji yake.

"Mpeleke kwa dume. Mkono mmoja kwenye kamba, wa pili inua juu niuone."

Akauinua, akaondoka hivyo hivyo.