Sahihi za Kuruka Kamba

Nisiwafiche, hii aibu nilijiletea mwenyewe. Shule ya binti yangu Nekesa, hapa Lurambi, iliwapa wazazi daftari: kila jioni ucheze na mtoto nusu saa, kisha utie sahihi. Mimi nikirudi kutoka sokoni kuuza mboga, miguu imekwisha. Nilijinyoosha kwenye kochi na simu yangu, nikaandika "Tumeruka kamba," nikatia sahihi. Kesho yake, "Tumekimbia." Muhula mzima hivyo, tena kwa kalamu tofauti tofauti ili nisishukiwe.

Siku ya wazazi, mwalimu wake akainua daftari letu mbele ya watu wote.

"Mama Nekesa hajakosa hata siku moja! Njooni mtuonyeshe vile mnafanyanga nyumbani."

Niliinuka magoti yakilia, nikatiwa kamba mkononi. Mara ya mwisho kuruka nilikuwa darasa la sita. Nikamnong'oneza Nekesa, "Ruka tu, mama, mimi nitahesabu." Akanitazama kwa mshangao.

"Usiogope," mwalimu akamwambia. "Fanya tu kama mama anavyofanya."

Mtoto ni mtiifu huyo! Alilala chali kwenye nyasi, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akainua kiganja usoni kama simu, kidole gumba kikipanda na kushuka. Kisha, kwa sauti yangu kabisa, bila kugeuza kichwa, akaita:

"Nekesa! Niletee chai. Na hiyo kalamu."