Samaki Ambao Hawakumwagika

Katika hadithi za mapenzi, watu hawakutani hivi hivi tu. Lazima kitu kianguke. Msichana amebeba vitabu, kijana anatokea kwenye kona, vitabu chini, wanainama pamoja, mikono inagusana, basi, kazi imekwisha. Nilizisoma nyingi nikiwa msichana, zile zilizochakaa tulizoazimana kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Kamina, na hata wakati ule zilinitia hasira. Nani ana muda wa kuinama?

Mimi na mume wangu tulikutana kwenye mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa mwanajeshi wa kambini, mtu wa mbali, amejibebea beseni lake mwenyewe, na wanawake walikuwa wakimcheka. Foleni ilikuwa ndefu na vumbi la unga limetujaa. Akaniambia neno, nikamjibu vibaya. Ndivyo tulivyoanza.

Lakini kanisani kwetu wachumba hawafungi ndoa kabla ya kusimama mbele ya waumini na kueleza walivyokutana. Baba yangu, mtu wa reli na wa sala, hakutaka mwanajeshi nyumbani kwake, na habari za mashine ya kusaga zisingemlainisha. Basi mchumba wangu akashika maikrofoni.

"Minyi nilimuona ku gare," akasema. "Treni ya Bukama njo ilikuwa inaingia, mvula inanyesha. Kitunga yake ya samaki ikaanguka. Nikaokota samaki moya moya, nikamurudishia. Ya mwisho nikakatala kumupa mpaka aniambie jina."

Kanisa zima likapiga vigelegele. Baba yangu alifuta macho. Mimi sijawahi kubeba samaki wa Bukama maishani mwangu. Nilimtazama, naye akanikonyeza, taratibu, na nikajua nimepatikana.

Aliisimulia miaka yote ya ndoa yetu. Kila sherehe mvua ilizidi na samaki waliongezeka, na kila alipofika mwisho alinitafuta kwa macho akanikonyeza. Hicho kilikuwa chetu wawili.

Kisha wakampeleka mashariki, vitani. Siku moja tukiongea kwenye simu nilimwuliza: "Ile siku ku mashine, uliniambia nini?" Nilikuwa nimesahau, na niliona haya.

Alicheka sana. "Weye! Umesahau? Minyi nikirudia ku nyumba njo nitakuambia."

Simu yake haikupatikana tena. Wakubwa wa kambi hawasemi amekufa, hawasemi yuko hai. Nimechoka kuwauliza, na wao wamechoka kuniona.

Sasa namtafuta kichwani mwangu, na hapo pia simpati. Nikijaribu kumwona kwenye foleni, anakuja yule wa stesheni, amelowa, samaki mkononi, anatabasamu. Yule wa kweli, mwenye unga kwenye nyusi, anafifia. Nilikwenda hadi pale penye mashine nikidhani neno lake litanirudia. Mashine imeondolewa, wanauza vocha za simu. Nilisimama pale kama mjinga, nikarudi nyumbani kupika bukari, ugali wetu. Huyu mtu wa stesheni namchukia kwa moyo wangu wote. Amekula nafasi ya mume wangu.

Majuzi binti yetu alisimama kanisani na mchumba wake. Walipomaliza kueleza yao, mchungaji akanigeukia. "Na weye mama, utuelezee ile ya samaki. Papa ya huyu binti angeifurahia."

Nilitaka kukataa. Lakini binti yangu alikuwa ananiangalia, na hana kitu kingine cha baba yake cha kusikia siku hiyo. Nikashika maikrofoni. Nikaleta mvua, nikaangusha kitunga, nikamfanya aokote samaki mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Binti yangu alilia. Vigelegele vikapigwa.

Nilipomaliza nikainua macho kulitafuta lile jicho, kwa mazoea tu. Kanisa lilikuwa limejaa. Wote walikuwa wakinipigia makofi, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba ni uongo.