Siku Kumi na Sita Nilizonyamaza

Safari ile ilinigharimu madebe mawili ya asali, baiskeli moja, faini ya shilingi ishirini, miezi sita bila kukaribia Meza ya Bwana, na kiti cha mwalimu mkuu ambacho nilikuwa nimeshakikalia mawazoni hata nikakizoea. Nimehesabu mara mbili na jumla haipungui. Aliyelipa kunizidi ni binti yangu wa kwanza, naye mpaka leo hajui kwamba alilipa.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu na la nne katika shule ya misheni pale Tabora, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita. Tulikaa upande wa Cheyo, vyumba viwili, watoto wanne. Mshahara wa mwalimu wa misheni ulifika tarehe moja na kuaga tarehe sita. Kwa hiyo kila likizo ya kiangazi nilipanda baiskeli kwenda Ipole kwa baba mkwe wangu, mrina asali, na kurudi na madebe mawili ya kuuza mjini. Barabara ile ya kusini ni njia ya zamani ya misafara. Babu zetu waliipita na pembe za ndovu vichwani wakihesabu vituo; mimi niliipita na madebe nikihesabu wateja. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja mpika wanzuki, ile pombe ya asali. Kanisa letu lilikuwa haligusi pombe hata kwa kidole, nami nilikuwa mzee wa kanisa. Nilijitetea moyoni kwamba mimi nauza asali tu. Mnunuzi akiitia maji na kuiacha ichachuke, hilo ni shauri lake na Mungu wake.

Njiani palikuwa na geti la mbung'o. Serikali ilikuwa imewaondoa watu porini kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na aliyetaka kwenda kurina asali alipewa kibali cha siku chache. Pale getini mlinzi mwenye wavu alikuzunguka wewe na baiskeli yako, akiwakamata mbung'o waliokuganda mgongoni. Watoto hawakuruhusiwa kupita kabisa.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Mwaka ule aliniambia, "Baba, mizinga ya babu nitaiona kwa macho, au kwa hadithi tena?" Nikampakia nyuma ya baiskeli. Mama yake nilimwambia mtoto ataishia nyumbani kwa babu, geti hatalivuka. Alilivuka. Babu yake alimpitisha kwa kijia cha nyuma, mimi nikapita mbele na kibali changu, na siku nane alikaa nasi porini akila masega na kucheka moshi.

Siku ya kurudi tukafanya vilevile. Babu alimzungusha, akakaa naye kichakani upande wa pili wakinisubiri. Mimi nikasimama mbele ya mlinzi.

"Mwalimu, kibali kinasema siku tano. Leo ya nane."

"Mvua ilinizuia."

"Mvua ya mwezi wa nane? Hiyo ulinyeshewa peke yako." Akainua wavu, akapapasa mzigo, akavuta kigauni. "Na hiki?"

"Zawadi ya binti yangu."

"Zawadi imeshafuliwa mara ngapi?"

Nikamsogezea debe karibu. Akataka debe zima. Nikamwambia debe zima ni ada ya mtoto wangu. Akasema basi nusu. Nikamwambia nusu ya debe haibebeki, itamwagika. Akacheka, nikacheka, tukakaa kitako. Nilishuka naye taratibu, chupa kwa chupa, kama ninavyoshuka na wauza mchele sokoni. Mwisho nilimwachia chupa moja na sega moja. Ilichukua saa nzima, na niliondoka nikijisifu kwamba sijawahi kupata bei nzuri kama ile.

Nilipowakuta kichakani, babu alikuwa amesinzia na mtoto alikuwa anajipiga piga shingoni kwa tawi.

"Baba, umekawia. Mbung'o wa hapa wanauma kama sindano."

Nilimpaka asali palipovimba. Nikamwambia asimsimulie mama yake.

Siku ya kumi tangu turudi, akashikwa na homa.

Nataka nieleze hofu ilivyokuja, maana haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama mdai mwenye adabu: ilibisha hodi, ikaketi, ikasubiri. Siku ya kwanza nilisema malaria, nikanunua kwinini. Siku ya nne homa ikapoa, nikamshukuru Mungu kwa sauti ili mke wangu asikie. Siku ya sita ikarudi. Siku ya nane kile kivimbe cha shingoni kilikuwa kimeisha, lakini nyuma ya shingo nilipapasa vitezi vidogo, vigumu kama choroko. Nikavihesabu: vitatu. Nikavihesabu tena nikitumaini nimekosea. Vilikuwa vinne.

Kila asubuhi, Tabora nzima ilipokwenda kazini, mimi nilikwenda darasani kusimama mbele ya watoto hamsini, na macho yangu yalimtafuta anayesinzia. Nilijua kabisa pa kumpeleka. Nyumba ya kupimia damu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu. Lakini pale mezani palikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na maswali: mgonjwa alikwenda wapi, lini, kwa kibali cha nani. Na wiki ileile mchungaji alikuwa ameniita pembeni baada ya ibada.

"Mwalimu, barua ya ukuu wa shule itasomwa mwisho wa mwezi. Jitunze."

Nikajitunza. Nilijiambia: siku chache tu, barua isomwe kwanza, kisha nitampeleka. Huku nyumbani mke wangu akaanza kunitazama.

"Mwalimu, kwinini ya ngapi hii?"

"Ya malaria."

"Sijakuuliza ya nini. Nimekuuliza ya ngapi."

"Ya tatu."

"Na mtoto hakuvuka geti?"

"Nilishakwambia."

Alikuwa mzaliwa wa Ipole. Alijua malale kwa sura, si kwa jina. Lakini alikuwa ameolewa na neno langu pamoja nami, kama alivyosema baadaye, na akaliamini.

Siku ya kumi na sita ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, tukaketi kula mchana, ugali na mlenda. Wadogo zake walikuwa wanagombea sufuria. Binti yangu alimega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni. Kisha akaganda hapo hapo. Tonge likabaki shavuni, mkono ukabaki hewani, macho yakafumba. Mdogo wake akacheka, "Dada amelala na ugali!" Hakuna mwingine aliyecheka.

Mke wangu alimtoa tonge mdomoni kwa kidole, polepole, kama unavyomtoa mtoto mchanga jiwe. Hakunitazama.

"Alivuka?"

"Alivuka."

Alifunga kanga kiunoni. "Toa baiskeli."

Mpima damu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alikaa jirani na nyumba ya kupimia, akaja kufungua ingawa ilikuwa Jumapili, akiwa bado na shati la kanisani. Darasa la tatu nilikuwa nimemchapa viboko vinne kwa kusinzia kwenye hesabu. Yeye alikuwa mzima, alikuwa akiamka alfajiri kuchunga tu. Lakini mimi sikuuliza.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamvuta kando. "Sikiliza. Mpime mtoto. Lakini si kila kitu lazima kiingie daftarini."

Alinitazama kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi. "Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha kwamba kisichoandikwa hakijatendeka."

"Najua nilichokufundisha. Nakuomba."

"Tutaandika." Akamgeukia binti yangu aliyekuwa amemlalia mama yake begani, akampapasa nyuma ya shingo. "Hapa kwetu, mwalimu, mtoto akisinzia tunampima. Hatumchapi."

Nilimshika mtoto mkono. Alimchoma kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Wakati anatazama aliuliza bila kuinua kichwa, "Ameanza lini?"

"Juzi," nikasema.

Nilisema hivyo mtoto akiwa amefumba macho mbele yangu. Sijui lilitoka wapi neno lile. Nadhani ni mazoea: mtu wa bei hutaja kwanza ya chini.

"Siku kumi na sita," mke wangu akasema. "Leo ya kumi na sita. Andika."

Kijana akaandika, akageuza kioo, akainama tena. Kisha akasogea. "Njoo uone, mwalimu."

Niliinama. Katikati ya chembe za damu, zilizotulia kama kunde kwenye ungo, kulikuwa na kitu chembamba kikijinyonganyonga na kuzisukuma chembe zikitikisika. Kimoja. Nikahama kidogo. Kingine. Nilitaka kuhesabu nikashindwa, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Jioni ile ile alilazwa hospitali. Asubuhi daktari Mzungu alimtoa maji ya uti wa mgongo, binti yangu amekunjwa kama mkeka na wanaume wawili, akilia jina langu badala ya la mama yake. Nilikaa nje kwenye benchi, nikaanza kupatana na Mungu. Nilimtolea bei ya kwanza: sitauza tena asali ya pombe. Akanyamaza, kama muuzaji anayejua mnunuzi ana shida. Nikapanda: nitaungama mbele ya wazee. Akanyamaza. Nikamtolea ukuu wa shule. Nikamtolea shule yenyewe. Nilipofika kwenye roho yangu, mlango ukafunguka, akatoka mwanafunzi wangu.

"Imeanza kuingia kwenye maji ya mgongo," alisema. "Kidogo. Angeletwa mapema, zingemtosha sindano za mkononi. Sasa daktari atatumia dawa kali, nayo..." Akatafuta neno. "Mwalimu, dawa yenyewe wengine huwachukua. Nisikufiche."

"Mapema ni lini?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza. Ni lini?"

"Ile wiki ya kwanza," akasema, akainamisha macho kama darasani.

Akaniuliza tulikaa porini wapi na nani, maana lazima waliobaki wapimwe. Nikamtajia kambi yote, hata kijia cha nyuma ya geti. Mrina mmoja alikutwa nao, akatibiwa mapema, akapona bila matata. Nilipoambiwa, nilifurahi kwa dakika moja, kisha nikaona wivu. Namwonea wivu mpaka leo.

Kwa mchungaji nilikwenda mwenyewe kabla ya kuitwa. Baraza la wazee lilinisomea makosa yangu matatu: kibali, mtoto, asali ya wanzuki. Katibu alikuwa mwanafunzi wangu mwingine, aliandika mwandiko mzuri sana wa kulala upande wa kulia, mwandiko wangu mtupu. Aliposoma "wanzuki" mzee mmoja akakohoa. Alikuwa jirani wa yule mama na nilimjua vizuri. Sikumtaja. Nilikuwa nimechoka na kupatana. Kuhusu zile siku kumi na sita hakuna aliyeuliza, nami sikuongeza. Wakanitenga na Meza ya Bwana miezi sita, barua ya ukuu ikasomwa kwa jina la mwingine, na serikali ikanitoza faini yake kwa ajili ya geti.

Binti yangu alikaa hospitali miezi mitatu. Wiki mbili za kwanza alitapika, akaweweseka, akamwita babu yake azime moshi. Mimi na mama yake tulipokezana pale kitandani, na katika kupokezana tulisemeshana kuhusu uji na shuka tu. Baiskeli na yale madebe mawili ya asali niliviuza ili apate maziwa na mayai. Siku aliyoniuliza, "Baba, leo ni siku gani?" kwa sauti yake yenyewe, nilimjibu, kisha nikakimbia kumwita mama yake.

Alipona. Mkono wa kulia ulibaki na mtetemo. Mpaka leo akimimina chai hushika birika kwa mikono miwili. Mwaka wa masomo ulimpita, na ile nafasi ya shule ya wasichana iliyokuwa ikimngoja ilikwenda kwa mwingine, maana mwandiko wake haukusomeka tena. Mke wangu hakunitukana hata mara moja. Alinisamehe, nadhani, mwaka wa tatu au wa nne, kwa namna ya kuanza tena kunicheka. Ametangulia mbele za haki, na habari ya zile siku kumi na sita hakumwambia mtoto.

Sasa binti yangu ana watoto watano. Kila sikukuu huja nao, akawakusanya mbele yangu na kuwasimulia. "Mnamwona babu yenu? Mimi nilishikwa na malale, nilikuwa nalala na tonge mdomoni. Babu alinipakia kwenye baiskeli Jumapili mchana, mbio, wala hakungoja Jumatatu. Angesubiri kidogo tu, nyinyi msingekuwepo." Wale watoto hunitazama, na mdogo wao hunishika goti. Mwanafunzi wangu wa zamani, naye sasa ni mstaafu, huwa ameketi pembeni siku hizo. Husikia yote, na hutazama kikombe chake.

Mwezi ujao ni Pasaka na wanakuja. Nina umri wa kutosha kujua sikukuu zilizobaki ni chache. Nikimwambia, namnyang'anya baba aliyekuwa anajivunia, na sina kingine cha kumpa mahali pake. Nisipomwambia, nitaendelea kupokea shukrani kwa mkono uliomtetemesha mkono wake. Nimeligeuza pande zote mbili, na kila nikilihesabu linanipa jibu jingine. Msiniambie Mungu anajua; hilo nalijua, tulishaonana naye kwenye benchi. Nawauliza nyinyi mliolea watoto wakakua wakawapenda kupita mnavyostahili: nimwambie binti yangu, au nimwache amimine chai?