Doa kwenye Mdomo wa Injini

Mimi ni mtu wa madoa. Nikiingia nyumbani kwa watu naona doa kwanza, mwenye nyumba baadaye. Kwa hiyo waliponichukua kwa majaribio kusafisha jeti ndogo za matajiri, kwenye uwanja mmoja hapa Stockholm, niliona kazi imempata mwenyewe.

Asubuhi moja ya Aprili iliingizwa bandani jeti iliyotakiwa kuruka tena baada ya saa moja. Kwenye mdomo wa injini ya kushoto palikuwa pameganda damu kidogo na unyoya mweupe. Nikafuta, nikang'arisha, nikasogea nyuma kujifurahisha macho.

Mwenzangu, Mkongo anayekaa Hagsätra, kitongoji cha hapa mjini, alipoliona tambara langu akaniuliza kama fundi ameshaona. Ndipo nikakumbuka somo la siku ya kwanza: jeti ikigonga shakwa au bata, damu haiguswi mpaka fundi aikague, kwani ndiyo inayomwonyesha pa kutafuta madhara.

"Dada, nyamaza tu," akasema. "Hakuna mutu alikuona."

Kweli hakuna. Na nilikuwa nimebakiza wiki mbili nipewe ajira ya kudumu, niliogopa, sifichi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kingewakuta wengine, mikanda wamefunga. Nikaenda kwa fundi na tambara langu.

Fundi, Mswidi wa maneno machache, hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Aliitazama injini inavyong'aa kama sahani za wageni, akanipa tochi.

"Lilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha: hapa, upana wa vidole vitatu, na mchirizi ukienda ndani, kushoto kidogo. Doa nikishaliona silisahau. Akaingiza kichwa palepale, akakaa humo kitambo. Panga moja la feni lilikuwa limepinda ncha.

Safari ikafutwa. Abiria wakanuna, na rubani, binti mdogo tu, akaja kuuliza kulikoni. Nikaanza kuvua glavu, nikijua yangu yamekwisha.

"Muulize yeye," fundi akasema. "Ndiye aliyeona."

Ajira nilipewa, na onyo la maandishi juu yake. Onyo nililistahili. Ninachokikumbuka zaidi ni yule rubani alivyonigeukia, akasubiri nieleze. Katika nchi hii nilikuwa nimeulizwa mara nyingi kama nimemaliza. Nimeona nini, hakuna aliyewahi kuniuliza.