Gari Lililofundishwa Kunyamaza

Mkonge uliosokotwa kamba, ukakauka vizuri, kisha ukaungua ndani ya ekzosi ya gari, una harufu inayoingia kwenye nguo, kwenye blanketi na mpaka kwenye chai, na haitoki kwa sabuni yoyote niliyowahi kununua au kuuza. Nikiipata leo, hata kama ni mtu tu anachoma takataka upande wa pili wa barabara, najikuta tena nyumbani kwetu Kola, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mimi nikiwa na miaka kumi. Huo ndio msimu ambao baba alijenga gari nyuma ya jiko letu, na mama akawa anauliza kila jioni kama hilo dude litalala nje au tulitafutie kitanda.

Nasema alilijenga kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Fremu ilitoka kwenye pikapu iliyokufa, injini ikatoka kwenye gari jingine ambalo halikujuana na hiyo pikapu, na kiti cha mbele kilikuwa cha basi, bado kina majina ya wapenzi yaliyochorwa kwa msumari. Mlango wa kulia ulikuwa pipa la mafuta lililonyooshwa kwa nyundo. Wa kushoto ulikuwa pipa pia, la rangi nyingine. Watu walisimama njiani wakatazama, kisha mmoja akaita, "Fundi, hiyo itatembea kweli, ama ni ya kufugia kuku?" Wengine wakacheka. Baba aliendelea kugonga bati bila hata kuinua kichwa, nao wakaenda zao wakisema fundi ana madharau. Ukweli ni kwamba hakuwasikia.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, kando ya mashine ya kukandamiza mabati. Aliporudi nyumbani moja kwa moja alirudi na nguo zake, viatu vyake na sanduku la vifaa, lakini masikio yalibaki kule. Nyumbani hakuna aliyelitamka neno kiziwi. Tulijifunza tu kwenda mbele yake kwanza ndipo tufungue mdomo. Aliyetaka chumvi alizunguka meza, akasimama mbele yake, akaomba chumvi. Mama naye akitaka kusema jambo ambalo baba hakutakiwa kulijua, aliinamia kiondo, kikapu cha mkonge alichokuwa akisuka, kama anayehesabu nyuzi, akakiambia kiondo.

Mimi nilipewa jina la mama yake baba, Ndinda, kwa hiyo baba aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Na kwa cheo hicho nilikwenda naye kila mahali, hasa mjini Machakos, kwa Mzee Hassan, Msomali aliyeuza spea kuukuu na aliyeweza kuapia hata boliti. Huko ndiko nilikojifunza biashara. Baba alikuwa akiinua kitu, anakigeuza, anakikagua, macho yote kwenye kile kitu. Hassan anataja bei. Baba kimya. Hassan anashusha kidogo. Baba kimya bado, anakwaruza kutu kwa ukucha. Hassan anashusha tena, anashika kichwa. "Wallahi fundi, wewe uko na roho ya jiwe! Basi sema wewe!" Bei ikifika pale nilipoona panatosha, nilivuta shati la baba, naye akainua macho, akaisoma bei mdomoni mwangu na kusema, "Haya." Mpaka leo Hassan hajawahi kujua kwamba alikuwa akipatana bei na nafsi yake. Nami nimeutumia ukimya ule maisha yangu yote, ingawa masikio yangu ni mazima.

Gari lilikuwa la kazi. Kina mama wa kwetu walikuwa wamekubali kwamba siku za soko baba atawabebea ndengu, maembe na vyondo mpaka Machakos. Lakini mizigo haikuwa sababu yenyewe hasa. Tangu atoke kiwandani, mtu akimuuliza anafanya nini siku hizi, baba alijibu, "Niko tu." Leseni aliipata ujanani na aliitunza ndani ya karatasi ya nailoni. Alilitamka neno dereva jinsi watu wengine wanavyotamka daktari. Alitaka tu awe na jibu.

Kabla ya hapo ilibidi gari likaguliwe. Breki zilikubaliwa, taa zikakubaliwa baada ya maneno kidogo, kisha mkaguzi, mwanamume mrefu mwenye kofia ya jua, akazunguka nyuma akasimama karibu na ekzosi. Kwanza alikuja mbele ya baba akamweleza sheria yake. "Mimi sina mashine ya kupima kelele. Mashine yangu ni hii," akagusa mdomo wake. "Nitasimama kule nyuma niongee kama mtu anaongea na jirani. Dereva akinisikia na anijibu, gari imepita. Asiponisikia, inarudi nyumbani." Kisha akaenda nyuma. Injini ikawashwa, na kwa kweli lilinguruma kama posho mill ikisaga mahindi. Mkaguzi akauliza, "Mzee, umetoka wapi?" Mimi nilisikia kwa shida. Baba aliangalia mbele, mikono juu ya usukani, kama anayepigwa picha. "Kelele," mkaguzi akasema aliporudi. "Ufanye dawa. Na ukirudi tena hivi, usinisumbue mara ya tatu."

Baba alichukua mtungi wa kizimamoto kutoka kwa Hassan, akatia ndani yake bomba alilolitoboa matundu kwa msumari. Niliyahesabu yale matundu mara mbili, hesabu zikakataa kulingana, nikachukua ile kubwa. Ilibaki kujaza nafasi kati ya bomba na mtungi kwa kitu cha kumeza sauti. Mkonge wa mama ulikuwa hapo, umeshasokotwa, mlaini, bure. Ulimeza sauti vizuri sana kwa muda wa kutoka jikoni mpaka barabarani. Kisha moshi mweupe ukafuka, jirani akaja mbio na ndoo ya maji, na mama, ambaye kwake ule mkonge ulikuwa vyondo viwili vilivyoagizwa, alikaa siku nzima akiviambia vyondo vingine mambo ambayo baba hakupaswa kuyaona.

Mara ya pili alijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Hizo haziungui. Aliliwasha gari, akaniangalia usoni anione ninavyosikia, maana mimi ndiye niliyekuwa kipimo. Nikasimama nyuma ya ekzosi na nikasikia kuku wakiparura. Nikamwonyesha dole gumba. Hakucheka. Aliketi juu ya tairi, akagusa goti lake la kushoto. "Mwaitu, siku hiyo utakaa hapa karibu. Akiuliza, nigonge hapa mara moja. Nitasema Kola." Lile swali la mkaguzi, umetoka wapi, nilikuwa nimeshamwambia.

Tulirudi. Nilikaa goti kwa goti na baba kwenye kiti cha basi. Injini ilikuwa ikinong'ona tu. Nilisikia njiwa juu ya paa la ofisi. Mkaguzi akaenda nyuma, na kwa sauti ya kawaida kabisa akauliza, "Mzee, umekunywa nini asubuhi?"

Nikagonga.

"Kola!" akasema baba.

Mkaguzi akacheka. "Soda asubuhi yote hii? Haya. Na hii gari umeijengea wapi?"

Nikagonga, moyo ukiwa mwepesi kama karatasi.

"Kola!"

"Sawa. Na uko na watoto wangapi?"

Mkono wangu ulibaki hewani. Nisipogonga, kimya kitahesabiwa kuwa kelele, na hakuna mara ya tatu. Nikagonga.

"Kola!" akasema baba, kwa sauti ya mtu ambaye ameshajibu mawili sawasawa.

Nilisikia viatu kwenye kokoto. Mkaguzi alikuja upande wangu, akaangalia mkono wangu juu ya goti la baba, akainama dirishani. "Msichana," akauliza polepole, "baba yako anasikia?"

Baba alikuwa ameshageuka. Alikuwa anautazama mdomo wangu, kama alivyoutazama kwa Hassan na kila mahali tulipokwenda. Nilikuwa nimembebea maneno ya watu wengi, lakini sikuwahi kumbebea lile linalomhusu yeye mwenyewe. Nikisema hasikii, ataliona likitoka. Nikisema anasikia, huyu bwana hakuwa mjinga. Nilibana midomo mpaka ikauma. Baba alinitazama, akamtazama mkaguzi, kisha akaweka kiganja juu ya dashibodi.

"Sisikii," akasema. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasioisikia sauti yao, na wenye magari waliokuwa nyuma yetu wote wakageuka. "Mimi sisikii, afande. Ni tangu kiwandani. Lakini hii gari naisikia. Hapa."

Mkaguzi alifanya jambo ambalo nilidhani linafanyika nyumbani kwetu peke yake: alizunguka boneti, akasimama mbele ya uso wa baba, akavua kofia ndipo akasema. "Gari yako imepita, mzee. Haina kelele hata kidogo. Lakini wewe siwezi kukupitisha. Mtu akikupigia honi, utajuaje? Tafuta dereva."

Tutarudije nyumbani, hilo hakulisema, na sisi hatukuuliza. Baba aliendesha taratibu. Pale barabara inapoanza kupanda alisimamisha gari, akakaa na mikono juu ya usukani, mimi nikaangalia vilima mpaka alipoondoka tena. Mama alitusubiri nje. Alikuja mbele yake. "Imepita?"

"Gari imepita," baba akasema. "Mimi ndiye nimeanguka."

Mama hakuinamia kiondo. Alimtazama usoni, akakaza leso kiunoni. "Basi nifundishe."

Walicheka sana, wale wa njiani, kisha wakaleta magunia yao. Mama aliendesha gari lile miaka mingi. Baba alikaa kando yake, kiganja kwenye dashibodi, akisema "Gia" kabla injini haijalalamika, na hakukosea. Lakini alipoulizwa anafanya nini siku hizi, alijibu, "Niko na mwenye gari."

Mama hayupo tena. Gari limesimama nyuma ya jiko, na kuku hatimaye wamelipata. Mimi nina duka la spea Machakos, na wateja wangu wakubwa ni vijana wanaotaka ekzosi inayolia zaidi. Wanalipa vizuri kuliko wote waliowahi kutaka kimya, nami nawauzia, nikihesabu noti mara mbili. Gari langu mwenyewe ni la hizi injini mpya za umeme na petroli, na likienda polepole halitoi sauti wala mtetemo.

Juzi nilimchukua baba hospitalini. Aliweka kiganja kwenye dashibodi, akangoja. Akakibonyeza zaidi. "Imezima," akasema. Nilimgeukia nikatikisa kichwa, naye akaangalia nje, akaona miti ikirudi nyuma. Alikaa na mkono ule pale muda mrefu, kama mtu aliyebisha hodi kwa watu waliohama. Kisha akauondoa, akauleta polepole, akanigonga gotini mara moja.

Nilimgeuzia uso aone mdomo wangu.

"Kola," nikasema.