Feni Aliyoichagua Fundi Sindano

Mkono wa kulia ndio ulioanza. Fundi Sindano alikuwa ameshika bisibisi ndogo, anatafuta skrubu ya mwisho mgongoni mwa laptopu ya mteja, na ncha ikawa inaruka pembeni kila inapokaribia tundu. Akadhani ni njaa. Akashuka chini, akanywa chai, akala mkate, akarudi. Ncha ikaruka tena. Akaiweka bisibisi mezani na kuutazama mkono wake: umetulia tuli, kama wa mtu aliyelala. Akaishika tena bisibisi. Mkono ukaanza.

Alikuwa na miaka hamsini na minne wakati huo, na nusu ya hiyo alikuwa ameimalizia katika chumba namba tisa, ghorofa ya kwanza, kati ya studio ya picha za pasipoti na duka la vipuri vya kompyuta. Jina la Sindano alipewa na mafundi wenzake enzi za redio, kwa kuwa aliweza kuchomea waya mwembamba kama unywele bila miwani. Waliokuwa wakishindwa walimletea kazi zao kwa siri, wamezifunga kwenye magazeti, kisha wakaenda kuwaambia wateja kwamba wametengeneza wenyewe. Hakuwahi kumuumbua hata mmoja. Alijua anachojua, na hilo lilimtosha.

Daktari alimwambia anyooshe mikono mbele, akamwekea karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetema kama inayopulizwa.

"Huu si ugonjwa wa kuua," daktari alisema. "Ila hauponi. Nitakupa vidonge vitaupunguza kidogo. Unafanya kazi gani?"

"Nauza vitu," Sindano akajibu. Mwenyewe hakujua kwa nini alisema hivyo.

Vidonge vilimletea usingizi wa mchana na si kingine. Kazi za kuchomea akaanza kuzikataa, akidai kifaa chake kimeharibika. Laptopu akawa anawaambia wenyewe kwamba zimezeeka, wanunue nyingine. Akabaki na kompyuta za mezani, ambazo skrubu zake ni kubwa na nafasi ya kupitisha mkono ipo. Nyumbani, mkewe, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, alikuwa ameshaona kitambo. Alianza kumjazia kikombe nusu bila kusema neno, na asubuhi akawa anamfunga vifungo vya shati huku akijifanya anamnyoosha kola.

"Baba Pacha," alimuuliza siku moja, "wateja wanajua?"

"Wajue nini?"

Mkewe akaendelea na kifungo kilichofuata.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Mama Ramani, Jumanne asubuhi, anakokota kompyuta yake ndani ya kikapu cha magurudumu cha kwendea sokoni. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, mjane, mteja wake wa miaka kumi na moja. Kila kompyuta aliyowahi kuwa nayo ilipita mkononi mwa Sindano.

"Fundi, inanizimikia," alisema, akijitupa kwenye kiti. "Nikichora mistari mitupu haina neno. Nikiiambia sasa nitolee picha, nyumba ionekane na rangi zake na kivuli chake, inanguruma kama inataka kupaa, halafu kimya. Kazi ya siku nzima imekwenda na maji."

Sindano akalifungua kasha. Juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, palikuwa na feni ile ndogo iliyokuja na mashine, ya ukubwa wa kisosi, vumbi limeganda kwenye mapezi yake ya bati kama blanketi. Akalipuliza, akaiwasha, akaipa kazi nzito. Joto likapanda mpaka nyuzi tisini na sita, likakaa hapohapo.

"Vumbi si shida kuu," akasema. "Prosesa yako ni kubwa kuliko feni waliyoiwekea. Ni kama kumpa mtu mzima shati la mtoto. Tuibadilishe."

"Wewe ndiye unayejua. Mimi nataka isizime tu. Mwisho wa mwezi nina shindano la kuchora kituo cha afya, na nikilipata hilo, baba, nitapumua mwaka mzima."

Sindano akavuka ukumbi hadi duka la vipuri. Mwenye duka aliitwa Shemeji, kwa sababu kila aliyeingia, awe mwanamume au mwanamke, yeye alimwita shemeji. Watu walisema angekuwa ameoa kweli katika nyumba zote hizo asingekuwa na pa kulala. Shemeji akapanga feni mbili juu ya kioo cha kaunta.

Ya kwanza ilikuwa fupi, pana kidogo kuliko ile ya zamani, inafungwa kwa kibanio cha upande mmoja: unanasa huku, unanasa kule, unalaza mkono wa chuma, basi. Ya pili ilikuwa mnara. Mapezi yake yalipangana kama kurasa za kitabu kinene, mabomba sita ya shaba yamepenya kutoka chini hadi juu, na feni kubwa imeegemea ubavuni. Feni kubwa huzunguka taratibu, haina kelele, na mabomba yale hulivuta joto kutoka kwenye prosesa na kulitawanya.

"Kwa mashine ya Mama Ramani?" Shemeji akasema. "Hapo hakuna cha kuuliza, shemeji. Mnara. Hiki kifupi ni cha watu wa kuandika barua."

Sindano alilijua hilo kabla hajavuka ukumbi. Alikuwa ameshapima kasha kwa rula. Mnara ungeingia na kubakiza upana wa kidole. Lakini aliugeuza mkononi, akatazama chini yake, na moyo ukamshuka. Mabano mawili, skrubu nne. Kisha mnara wenyewe, karibu kilo nzima, mkono mmoja umeubeba usiegemee upande, mkono mwingine unapitisha bisibisi ndefu katikati ya mapezi kutafuta skrubu mbili zenye springi usizoziona, unazikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Ukitetereka, unaiponda prosesa. Zamani angeifanya huku anapiga soga.

Angeweza kumwomba Shemeji amsaidie. Wazo lilimjia, akalifukuza. Mdomo wa Shemeji haukuwa na mlango. Kabla ya saa sita ghorofa nzima ingejua kwamba mikono ya Sindano imekwisha.

"Nipe hiki kifupi," akasema.

"Fundi..."

"Kasha lake jembamba. Nimepima."

Akarudi, akamwambia Mama Ramani vilevile. "Ipo kubwa zaidi, mnara, lakini kwako hauingii. Hii itakufaa."

"Haya. Wewe ukisema hauingii, hauingii."

Alimwomba aende akanunue chochote cha kunywa, akafunga mlango, akageuza kibao cha NIMETOKA. Kibanio kile cha dakika mbili kilimchukua nusu saa. Dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na feni aliimwaga hadi pembeni, akaifuta kwa shati lake mwenyewe, akapaka tena. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Joto likasimama nyuzi themanini na tisa. Mama Ramani alipoona haizimi, akashukuru, akakokota kikapu chake akaenda.

Sindano hakula vizuri wiki ile. Alijua themanini na tisa ya chumba chenye ubaridi wa asubuhi ni nini mchana wa jua kali, dirisha limefungwa kuzuia vumbi, mashine inatoa picha kwa saa sita mfululizo. Mara mbili alishika simu ampigie. Angemwambia nini? Akairudisha mfukoni, akajiambia labda itahimili. Mkewe alimuuliza anaumwa nini, akasema tumbo.

Wiki ya nne Mama Ramani akarudi. Safari hii hakujitupa kwenye kiti. Alikaa taratibu, kama mtu aliyetoka msibani.

"Imezima tena?" Sindano akauliza.

"Ilizima siku ya kuwasilisha. Picha nne, nilipata moja. Nikaiwasha, ikazima. Nikaipepea kwa gazeti, fundi, mimi mtu mzima, napepea kompyuta huku nalia. Nilipofika na picha yangu moja, walikuwa wameshafunga kupokea bahasha." Akapangusa kiganja kwenye sketi. "Si kosa lako. Nimekuja kukuuliza tu, labda mashine yangu imezeeka? Maana wewe ulifanya uliloweza."

Angekuja anafoka, pengine Sindano angejitetea. Lakini ule upole ulimkata maini. Akavuta stuli, akaketi mbele yake, akaiweka mikono juu ya magoti ambako hutulia.

"Mnara unaingia," akasema.

"Nini?"

"Feni ile kubwa. Niliyokwambia haiingii. Inaingia. Nilikudanganya."

Mama Ramani akamtazama bila kuelewa. Sindano akachukua bisibisi mezani, akainyoosha mbele yake, akaiacha itetemeke wazi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mtu asiye daktari.

"Sikuweza kuufunga," akasema. "Nikaona haya."

Studio ya jirani walisikika wakimwambia mtu ainue kidevu. Sindano hakungoja Mama Ramani ajibu. Akainuka, akaenda kwa Shemeji, akaununua mnara kwa gharama yake mwenyewe. Hakujibu maswali ya Shemeji. Akalilaza kasha mezani na kuanza kuing'oa ile feni fupi, kwa pupa, akitaka walau hili alifanye, walau leo.

Alisahau jambo ambalo hata mwanagenzi hulijua: mashine iwashwe kwanza ipate moto, ile dawa ilainike, ndipo feni izungushwe kidogo na kuinuliwa. Mashine ilikuwa baridi. Akavuta, na feni ikatoka na prosesa imeganda chini yake. Mkono ukaruka. Prosesa ikabanduka, ikadondoka kwenye sakafu ya saruji, miguu chini.

Prosesa ya aina ile ina miguu zaidi ya elfu moja, myembamba kuliko ya sisimizi. Sindano akaiokota na kuigeuza kwenye mwanga. Safu ya pembeni ilikuwa imelala. Kumi na minne, labda kumi na mitano. Zamani hilo lilikuwa jambo la dakika kumi na wembe. Akauchukua wembe. Akauweka chini. Akauchukua tena, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kumtikisika kuliko vidole.

"Lete hapa," Mama Ramani akasema.

Akatoa mkobani kalamu yake ya risasi, ile ya kubonyeza, akaiondoa risasi ikabaki tundu tupu. Akavaa miwani. "Nielekeze."

"Ingiza mguu ndani ya tundu," Sindano akasema. "Usiukunje kwa nguvu. Uinue kidogo, uache, uinue tena. Ukivunjika, ndio basi."

Mkono wa mchoraji ulikuwa thabiti kama reli. Mguu baada ya mguu ukasimama. Kisha mabano, kisha skrubu nne, kisha mnara wenyewe. Yeye ndiye aliyeubeba, yeye ndiye aliyekaza, huku Sindano kasimama kando anasema kulia, kushoto, nusu mzunguko, basi. Walipoiwasha na kuipa kazi nzito, joto likapanda hadi nyuzi sitini na saba na kutulia. Feni ilizunguka, hata huisikii.

Mama Ramani akaiangalia ile namba kwenye kioo kwa muda. Ilikuwa namba ambayo angekuwa nayo mwezi mzima uliopita.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "tungefanya hivihivi. Saa moja tu."

"Najua."

"Nisingekucheka."

"Najua, mama."

Akaiingiza kompyuta kwenye kikapu, akainama akafunga mkanda. Sindano akajaribu kumsaidia, yeye akamzuia kwa kiganja, bila ukali.

"Sitarudi, fundi. Si kwa sababu ya mikono. Mikono ningeizoea." Akavuta kikapu, magurudumu yakagonga kizingiti, na Sindano akayasikia yakishuka ngazi, moja moja, hadi chini.

Jioni ile alimweleza mkewe yote. Alitegemea machozi au lawama, mkewe akauliza tu, "Kodi ya chumba inaisha lini?" Akamjibu. "Basi usilipe nyingine," akasema, na kwenda kusahihisha madaftari. Baadaye Sindano alimsikia jikoni amefungua bomba, maji yanatiririka kwenye sinki bila chombo cha kuosha, kwa muda mrefu.

Kompyuta tatu zilizokuwa zimebaki akazipeleka kwa wenyewe zikiwa hazijatengenezwa. Vifaa vyake akamuuzia Shemeji, ambaye kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alivipokea, akasema "pole, kaka," na akatazama pembeni. Chumba namba tisa kikapangishwa kwa muuza viatu vya kike.

Siku hizi mkewe huondoka asubuhi kwenda shuleni, naye hubaki sebuleni. Watoto wao pacha, waliokwisha kuhama nyumbani, hupiga simu Jumapili kuuliza kazi inaendeleaje, na mama yao ndiye huwajibu. Kuna siku simu yake huita kwa namba asiyoijua, mteja wa zamani, au mtu aliyeelekezwa kwake. Mwanzoni alikuwa akipokea na kusema fundi amehama. Sasa huiacha iite mezani mpaka ichoke, mikono yake ameikalia.